Sekunde 12 za Kimya

Umeme wa Tanzania huimba noti ya G. Sitanii. Umeme wa majumbani mwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na uzi mnene wa gitaa la besi, ukiubana kwenye freti ya tatu, hutikisika mara 49 kwa sekunde. Noti hiyo ni G. Kwa hiyo amplifaya inapovuma bila kuguswa, inavuma G iliyopanda kidogo, kama mtu anayejua wimbo lakini hakuusikia vizuri. Marekani, ambako umeme huenda na kurudi mara 60, mvumo wao huangukia kati ya B flati na B. Kila nchi na noti yake. Sisi tumepangiwa G.

Kwa miaka kadhaa jambo hili halikuwa na uzito kwangu. Napiga besi kwenye bendi ya dansi, na dansi haina nafasi ya kusikiliza mvumo. Kuna tumba, kuna drams, kuna magitaa mawili yanayojibizana, kuna chupa mezani na watu wanaoitana kutoka pembe moja ya ukumbi hadi nyingine. Amplifaya ikivuma, nani atajua?

Kisha Mzee akatangaza kwamba anastaafu.

Mzee ndiye mwimbaji wetu. Ameimba dansi tangu kabla sijazaliwa, na sauti yake, ambayo zamani ilisikika bila maikrofoni, sasa imebaki kama mkaa uliofunikwa jivu. Madaktari walimwambia apunguze kuimba. Alikubali, kwa sharti lake mwenyewe: onyesho moja la mwisho, usiku wa Idi mosi, lirekodiwe kutoka kwenye mikisa, na mwisho wa onyesho uwe wimbo aliomtungia marehemu mkewe. Katika wimbo huo, baada ya ubeti wa tatu, bendi nzima inanyamaza. Mimi naachia noti moja ndefu ya besi ifie yenyewe, na Mzee anazungumza. Haimbi, anazungumza na mkewe. Maneno machache, kama sekunde 12, kisha drams zinatuita turudi.

Noti ninayoiachia ifie ni G.

Hebu fikiria kinachotokea. Uzi wangu unatikisika mara 49, mvumo wa umeme mara 50. Noti mbili zinazokaribiana hivyo hazikai pamoja kwa amani. Zinasukumana, na sikio linasikia sauti ikivimba na kunywea mara moja kila sekunde. Uzi unapofifia, unabaki mvumo peke yake, na juu ya mvumo kuna mlio mwembamba kama mbu, na juu ya mbu kuna mchachato kama mafuta kaangoni. Katikati ya vyote hivyo, mzee mwenye sauti ya jivu anajaribu kumwambia mkewe neno.

Siku ya kwanza ya mazoezi alisimama, akaniangalia. "Mwanangu," akasema, "hicho chombo chako kinanijibu."

Kiongozi wa bendi alikuwa na jibu rahisi: toa pedali zote, piga besi kavu. Ila tulikuwa na wapulizaji wanne zamani, na sasa tuna mmoja, kwa sababu malipo ya harusi hayatoshi kugawana watu 12. Pedali zangu tano ndizo zilizoziba pengo. Ile ya oktava hunipa sauti ya pili iliyokaa mahali pa saksafoni ya chini, korasi hupanua, kompresa hushika yote yasitawanyike. Bila hizo, nusu ya nyimbo zetu zinabaki na shimo katikati. Kiongozi akafikiri, kisha akasema nina wiki tatu. Zikipita na kelele ipo, usiku wa Idi atapiga mtu mwingine, mwenye besi kavu, na nyimbo zenye shimo zitaachwa. Sikumlaumu. Usiku ule haukuwa wangu.

Chumba chetu cha mazoezi kipo Mwananyamala, ukuta mmoja na fundi wa kuchomelea mageti. Nilikuwa nakwenda saa moja asubuhi, kabla hajawasha mashine, kwa sababu akianza tu kuchomelea, spika zetu hukwaruza kwa kila cheche yake. Nikang'oa kila kitu. Besi, kebo moja, amplifaya. Nikasikiliza.

Jambo la kwanza ulilazimishe sikio likubali: kelele si moja. Watu husema "ina kelele" kama wanavyosema "ana homa", lakini homa ni dalili tu. Mvumo mzito una asili yake, mbu ana yake, mchachato una yake. Ukizitibu kwa dawa moja, hutibu hata moja.

Besi yangu ni nakala ya Jazz Bass, gitaa ambalo kampuni ya Fender ilitoa mwaka 1960. Ina pikapu mbili, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, ambazo hugeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme. Tatizo ni kwamba koili ya waya haichagui. Inapokea uzi, na inapokea pia umeme unaopita ukutani, kwenye taa, kwenye chaja ya simu. Mhandisi wa Gibson aitwaye Seth Lover aliomba hataza mwaka 1955 kwa dawa ya ugonjwa huu: koili mbili zilizopangwa kinyume, ili mvumo ulioingia huku ufutane na mvumo ulioingia kule, huku sauti ya nyuzi ikibaki. Pikapu mbili za besi ya aina yangu zinafanya kazi hiyohiyo zikiwa zimefunguliwa sawasawa. Ukipunguza moja, mapatano yanavunjika na mvumo unarudi.

Nami katika wimbo wa Mzee nilikuwa natumia pikapu ya nyuma peke yake, kwa ile sauti yake kavu inayokata. Nikafungua zote mbili hadi mwisho. Mvumo ukashuka kama mtu aliyekaa chini. Sauti yangu nayo ikawa ya mviringo zaidi, si ile niliyoipenda. Nikaamua kuipenda hii.

Kisha nikageuka polepole na gitaa kifuani, kama mtu anayetafuta kibla. Ukiwa na besi inayopokea kelele kutoka hewani, kuna pembe ambayo mvumo unapungua, na kuna pembe ambayo unakua. Chumbani mwetu pembe mbaya ilikuwa ile inayotazama adapta na transfoma ya amplifaya. Nikasogea hatua mbili. Bure kabisa, haikunigharimu hata shilingi.

Baada ya hapo nikaanza kurudisha pedali, moja moja. Tyuna: kimya. Korasi: kimya. Pedali ya kukwaruzisha: mchachato kidogo, kwa sababu kazi yake ni kukuza, na anayekuza haulizi anakuza nini. Oktava: mbu akaingia.

Pedali zangu zote zilikuwa zinakula kwenye adapta moja ya volti 9, kwa waya mmoja wenye matawi. Oktava ni ya kidijitali. Ndani yake kuna kompyuta ndogo inayopiga saa yake maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, na vurugu za saa hiyo zinarudi kwenye waya wa pamoja na kuingia kwa majirani. Kipimo chake ni rahisi: nikaichomoa kwenye adapta, nikaiwekea betri ya volti 9. Mbu akafa papo hapo. Dawa inayosifiwa ni kigawa umeme ambacho kila tundu lake limetengwa na mwenzake, lakini bei yake ilizidi malipo yangu ya harusi mbili. Nikanunua adapta ya pili Kariakoo, nikaipa oktava peke yake. Jirani mwenye fujo akapewa nyumba yake.

Kompresa nayo ilikuwa mwisho wa msururu. Kompresa hushusha sauti kubwa na kunyanyua ndogo, na ikiwa mwisho, hunyanyua hata mchachato wa wote waliotangulia. Nikaihamishia mwanzo, mara baada ya tyuna. Mafuta kaangoni yakapoa.

Wiki mbili zilikuwa zimepita, nami nilidhani nimefika. Nikaunganisha besi na mikisa, kama itakavyokuwa usiku wa kurekodi, na mvumo ukarudi, mzito kuliko mwanzo.

Fundi mitambo wetu alicheka. "Dada, hii ya dakika mbili." Akachukua plagi ya amplifaya yangu, ile ya miguu mitatu, na koleo. Alitaka kukata mguu mrefu, mguu wa ethi. Na nikiri kwa haki yake: mvumo ungekufa. Amplifaya yangu ilikuwa imeunganishwa na ardhi kupitia soketi yake, mikisa kupitia soketi yake upande wa pili wa chumba, na kebo iliyoziunganisha ilifunga duara. Katika duara hilo umeme kidogo huzunguka, na mzunguko huo ndio tuliousikia. Kata mguu, duara linafunguka.

Lakini ule mguu haupo kwa ajili ya sauti. Siku waya wa moto ndani ya amplifaya utakapogusa chuma, ethi ndiyo inayoubeba umeme kwenda ardhini. Bila ethi, umeme unasubiri mtu. Nyuzi za besi yangu zimeunganishwa na chuma hicho. Vidole vyangu viko juu yake usiku kucha. Mwaka 1972 huko Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maikrofoni ambayo ethi yake haikuwa sawa, jukwaani, mbele ya watu. Alikufa. Na Mzee anapozungumza na mkewe huwa anashika maikrofoni kwa mkono mmoja, na mkono mwingine anauweka begani kwangu.

Nikamwambia fundi arudishe koleo mfukoni. Tulibishana, si kidogo. Alisema amekata mingi na hajazika mtu. Nikamwambia sitaki kuwa wa kwanza kumpa kazi hiyo.

Duara linaweza kufunguliwa pengine. Kwanza tulichomeka amplifaya na mikisa kwenye ekstensheni moja, yenye ethi, ili zote zishuke ardhini kwa njia moja. Mvumo ukapungua nusu. Kisha nikaazima kisanduku cha DI chenye transfoma, kile kinachokaa kati ya besi na mikisa. Ubavuni kina swichi ndogo inayotenganisha ethi ya kebo ya sauti tu. Ethi ya umeme inabaki mahali pake, kwenye plagi, ikilinda. Nikabonyeza swichi.

Fundi mitambo alivua hedfoni, akazivaa tena. Alidhani zimekatika.

Kiongozi wa bendi, kwa wema wake, alikuwa ameleta pedali ya geti aliyoazima mahali. Geti husikiliza; sauti ikishuka chini ya kiwango ulichoweka, inafunga. Niliijaribu kwa heshima. Noti yangu ya G ilikuwa inafifia vizuri, na kabla haijafika mwisho, geti likafunga, kama mtu aliyekatiwa simu katikati ya kuaga. Geti linafaa kwa anayepiga noti fupi fupi kwa nguvu. Kwa wimbo huu, noti inayokufa ndiyo yenyewe. Nikairudisha.

Usiku wa Idi, umeme ulikatika saa tatu na nusu. Jenereta la ukumbi likawaka, na nikasikia nilichokiogopa: ukumbi wote ulivuma, feni, friji, taa, na noti haikuwa tena G. Ilipanda na kushuka kadiri injini ilivyochoka na kupumzika. Nikainamia amplifaya yangu. Ilikuwa kimya. Tulikuwa tumerekebisha njia za kelele, na njia zikishafungwa, hazijali noti gani inagonga mlango.

Tuliufikia wimbo karibu saa sita. Ubeti wa tatu ukaisha. Nikapiga G, nikaiacha. Mkono wa Mzee ukaja begani.

Rekodi ninayo. Haina kimya kamili. Ukiweka hedfoni na kupandisha sauti, utasikia mchachato mwembamba chini kabisa, na kwa mbali jenereta. Noti ya besi inafifia kwa sekunde kama 7, bila kusukumwa na kitu. Kisha, kabla ya neno la mwisho, neno ambalo si langu kuliandika hapa, Mzee anameza mate. Inasikika. Mwanawe aliposikia mara ya kwanza aliomba nirudishe nyuma, nikarudisha, akaomba tena.