Simba si mvivu, anaumwa

Wadau, leo siasa naziweka kando. Naandika habari za Simba, mbwa wetu wa nyumbani, jamii ya German Shepherd. Ana miaka 10. Kwa mbwa wa umbo kubwa huo ni uzee tayari, wakati mbwa wadogo wengi huvuka 12 wakiwa bado wanarukaruka.

Tangu mwaka jana anaamka kwa shida, miguu ya nyuma inatetemeka. Geti likigongwa, anabweka akiwa amelala. Mzee akasema, "Huyu kazi imemshinda, tutafute mwingine." Nilinyamaza.

Usiku mmoja nikataka kumpa diklofenaki zangu za mgongo. Bahati nilimpigia kwanza daktari wa mifugo. Akanikataza kabisa! Dawa hizo za binadamu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake.

Kesho yake tukampiga picha ya eksirei. Kumbe ni nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye tundu lake, hivyo kiungo kimekuwa kikisagika miaka yote. Tatizo hili mara nyingi ni la kurithi, na unene hulizidisha. Nasi tulikuwa tunamjazia ugali!

Sasa chakula kimepunguzwa, anapewa dawa ya mbwa, jioni tunatembea taratibu, na analala kwenye godoro kuukuu badala ya sementi. Hatapona. Ila jana alinipokea getini mwenyewe.

Mzee hasemi tena habari za mbwa mwingine.

Na wako, mdau, anaamkaje asubuhi?