Miss Kenya Yuko Ughaibuni

Msomaji, ukitoka Nakuru kuelekea Rongai, Menengai ukiuacha kulia, utakuta mashamba ya mahindi. Huku ndiko alikolima mlowezi Tom Campbell Black, aliyeinunua pamoja na wenzake DH.51, ndege ndogo ya kujiburudisha, ya mbao na kitambaa. Abiria alikaa mbele, rubani nyuma, bila paa. Vumbi la bonde lote lilikuwa lao!

Waingereza waliibuni mwaka 1924, wakaunda tatu pekee. Moja ililetwa Kenya 1926, ikabatizwa Miss Kenya, ikawa ndege ya kwanza kusajiliwa nchini.

Mwaka 1965 ilirudishwa Uingereza. Zile mbili hazipo tena; hii inatunzwa Old Warden. Mtoto wa Rongai akitaka kuiona, aombe viza kwanza.