Kamera Nzima, Kebo Mbovu

Watu huniambia ninunue miwani mipya. Jamani, miwani haina kosa! Nikitazama kando upesi, jicho moja hufika na jingine huchelewa, na mstari mmoja wa programu huwa miwili. Nikifunika jicho lolote, unarudi kuwa mmoja. Yaani kamera zote mbili ni nzima. Kebo ndiyo mbovu.

Nina maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili hushambulia mayelini, ganda linalofunika neva, na amri kutoka shina la ubongo huchelewa kufika. Mwili ukipata joto, hali huzidi. Basi mimi huandika programu alfajiri, kwa herufi kubwa, dirisha jembamba katikati ya skrini.

Nawe ukianza ghafla kuona viwili viwili, usikimbilie duka la miwani. Nenda hospitali.