Mtoto anapobadili njia

Mama mmoja wa Bungu alinuna siku tatu. Mwanawe, kinara wa mbio shuleni, alisema mbio basi. Anataka kutengeneza filamu kwa simu. Raba alizomnunulia kwa pesa za maharage bado mpya.

Jirani akamsimulia habari za Jason Dunford wa Kenya. Mwaka 2008, kwenye Olimpiki ya Beijing, alikuwa wa 5 kuogelea mita 100 kipepeo. Mwaka 2010 akashinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Kisha akaacha bwawa, akashika maikrofoni, akajiita Samaki Mkuu.

“Bidii haikubaki majini, mwenzangu,” jirani alisema.

Mama hakujibu. Jioni akamwita mtoto: “Hebu nionyeshe hiyo filamu yako.”