Baiskeli ya Umeme Kando ya Mto Danube
Kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria, kuna zaidi ya kilomita 300 za njia ya baiskeli kando ya mto Danube. Sehemu ya njia hiyo zamani walipita farasi waliovuta mashua zinazopanda mto. Siku hizi hupita familia nzima, na pengine bibi mwenye magoti mabovu ndiye yuko mbele ya wote, maana baiskeli yake ina mota.

Mota haimfanyii kazi yote. Sheria za Ulaya zinataka isizidi wati 250, isaidie pale tu anapokanyaga pedali, na iache kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Betri nyingi hubeba kama nusu uniti ya umeme, sawa na pasi ya wati 1000 kwa nusu saa! Katika tambarare umeme huo humfikisha mtu kilomita 60 au zaidi. Usiku betri huchajiwa nyumba ya wageni, asubuhi safari inaendelea, kupita kona kali ya Schlögen na mashamba ya mizabibu ya Wachau.

Kazi ni kufika Passau. Wapo wanaofunga baiskeli nyuma ya gari na kuendesha siku nzima, halafu wanajisifu kutunza mazingira. Wengine hupanda treni na kulipia tiketi ya baiskeli pia. Hao ndio wenye safari safi, ingawa kupandisha baiskeli ya kilo 25 ngazi za stesheni, na mtoto mkononi, si mchezo.