Shule ya Ng'ambo ya Maji

Mlezi wa chama chetu aliponiagiza niandike habari za shule, nadhani alitaraji niisifu hii yetu. Aniwie radhi. Kuna shule nyingine iliyonikaa kama mwiba wa samaki kooni, na leo nataka kuutoa.

Shule hiyo ni Allidina Visram, kule kisiwani. Mwaka 2023 sisi tulifanya KCPE ya mwisho kabisa katika nchi hii. Majibu yalipotoka nikaitwa huko. Nyumbani kwetu Shika Adabu vigelegele vikapigwa, mama akaanza kuulizia bei ya sare. Nyanya pekee ndiye aliyenyamaza, akitafuna tambuu yake. Usiku akaniita.

"Mume wangu, hiyo shule iko wapi?"

"Kisiwani, nyanya. Karibu na Hospitali Kuu ya Pwani."

"Utavuka kila siku?"

"Kila siku, asubuhi na jioni."

"Basi huendi."

Yakaisha. Mama alijaribu kumbembeleza, wapi! Sote twajua nyanya ana nini na maji. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi watu wakivuka kwenda makazini, feri ya MV Mtongwe ilipinduka hatua chache tu kutoka gatini. Ilikuwa ya watu 300, ikapakia kiasi cha 400. Walikufa watu 272, na mmoja wao alikuwa mdogo wake nyanya, wa ziwa moja. Tangu siku hiyo yeye hajakanyaga feri. Na mwaka 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likazama na mama na bintiye, nyanya alisema, "Si niliwaambia?"

Kwa hivyo Januari 2024 nikaingia hapa petu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Sikwambii jinsi nilivyokuwa nimenuna. Kila kitu nilikitia kasoro: mabati yanayotuziba masikio mvua ikinyesha, mchanga uwanjani, mwembe ambao kwetu ndio bwalo, ndio maktaba, ndio afisi ya waamuzi wa ugomvi. (Walimu wangu, nilikuwa mtoto.) Wenzangu waliokwenda ng'ambo nilipokutana nao jioni nilijifanya sikuwaona.

Mwaka huu mlezi wetu alituchukua sisi sita tukaione shule hiyo kwa ajili ya jarida hili. Nyanya alikubali kwa sharti moja, nifungue kamba za viatu kabla ya kuingia feri, ili ikitokea la kutokea nivivue kwa mara moja. Nami nikavuka huku kamba zinaburura. Wenzangu walicheka hadi gati la pili! Kwenye feri wanaokwenda kwa miguu hawalipi, lakini kicheko kile nilikilipia mimi.

Sasa shule yenyewe. Waama, ni kubwa, na imekaa pembeni mwa kisiwa, maji ng'ambo yake Nyali, upepo ukiingia madarasani bila kubisha hodi. Allidina Visram alikuwa Mhindi wa Kutch aliyekuja pwani hii akiwa kijana mdogo, karne ya kumi na tisa. Alianza kwa biashara ndogo Bagamoyo, kisha maduka yake yakatapakaa hadi Uganda, mengine yakiifuata reli iliyojengwa kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901. Alifariki mwaka 1916, na miaka ya mwanzo ya 1920 jamaa zake wakaijenga shule hii kwa ukumbusho wake. Sanamu yake iko mjini, Treasury Square. Nimeipita mara nyingi nikidhani ni ya gavana fulani.

Jambo lililonishangaza ni kuwa shule hiyo ilikuwa ya watoto wa Kihindi. Zama za ukoloni Mzungu alikuwa na shule zake, Mhindi zake, Mwarabu zake, na Mwafrika zake, za mwisho kwa kila kitu. Kumbe kuna watu hapa Likoni ambao shule ile hawakunyimwa na nyanya wala na feri, walinyimwa na serikali. Baada ya uhuru wa 1963 ndipo milango ikawa wazi kwa wote.

Huku kwetu hakuna sanamu. Lakini historia ipo. Waulize wazee wa hapa juu ya Agosti 1997, vita vilipozuka Likoni na watu wa bara wakahama usiku na watoto wao. Na sisi kidato cha tatu nasi tu historia tunaotembea. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili, kuna Gredi ya 10 walioingia Januari 2026. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 tutaufunga sisi, 2027.

Nilirudi jioni. Nyanya alikuwa barazani, akatazama viatu vyangu kwanza.

"Ulizifungua kamba?"

"Nilizifungua, nyanya."

Akakaa kidogo. Kisha akaniambia neno ambalo hata mama hakulijua. Mdogo wake alisoma shule hiyo hiyo, miaka ya sabini. Alivuka miaka minne, asubuhi na jioni, hakupatwa na lolote. Nyanya ndiye aliyekuwa akimfungia mahamri ya njiani.

"Alikuwa akikaa dirishani," akasema. "Darasa linaloona maji. Ulilikuta?"

Nikamwambia madirisha ni mengi, na karibu yote yaona maji. Akaniambia nimhesabie.