Fimbo Yangu Katika Mchezo wa Watoto

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu msomaji, mimi nilisoma chuo huko pwani, na fimbo ya mwalimu wangu ilikuwa haipumziki. Nilipokuja kusomesha Bariadi, mji ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, fimbo ile nilikuja nayo. Watoto wengi wa huku wamekulia katika Kisukuma, na ndimi zao huchanganya ra na lamu. Mtoto akifika "Rabbil-alamin" husema "Labbil-alamin". Mimi kila kosa nililijibu kwa fimbo, nikidhani ndiko kusomesha.

Alasiri moja, msimu wa kuchuma pamba, nilichelewa. Kabla sijaingia nikasikia kelele, nikachungulia. Watoto walikuwa wakicheza chuo. Mmoja, hajatimiza miaka saba, amejifunga kilemba cha kanga, amekaa mahali pangu, kijiti mkononi. Nikangoja nisikie atasomesha sura gani. Wallahi, hakusoma hata herufi moja. Alikuwa akifoka na kupiga tu, kwa maneno yangu na kwa sauti yangu. Viatu vyangu viliposikika mlangoni mchezo ukakatika, na mdogo wao kuliko wote akaanza kulia kabla sijasema neno.

Usiku ule sikupata usingizi.

Wataalamu wa elimu ya kujifunza wameyaeleza mambo haya. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kuwa mbwa akizoea kusikia sauti fulani kila anapopewa chakula, mwisho sauti ile peke yake humtoa mate. Usichukizwe na mfano huo. Yule mtoto naye alizoea kusikia viatu vyangu, kisha maumivu. Na mbele yake wakati huo wote palikuwa na nini? Palikuwa na juzuu. Nilikhofu kwamba nimeifunga khofu ya fimbo pamoja na Kitabu cha Mwenyezi Mungu.

Naye Albert Bandura, huko Marekani, mwaka 1961 aliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa. Watoto walipoachiwa mwanasesere, walimpiga vile vile, wala hakuna aliyewaamuru. Radio Tanzania Dar es Salaam ilipita njia hiyo kwa kheri. Mwaka 1993 ilipoanza mchezo wa Twende na Wakati, haikutosheka na kuwaambia watu kuwa uasherati huleta ukimwi. Ilimleta Mkwaju, dereva wa lori, wasikilizaji wakafuata nyendo zake na mwisho wake.

Lakini sisi Waislamu haya tulikuwa nayo zamani. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alionya kuwa ukali kwa wanafunzi, khasa wadogo, huwazoesha uvivu, uwongo na hila. Na Bwana Mtume (S.A.W.) aliwaamuru watu wasali kama walivyomwona yeye akisali. Hakusema tu, alionyesha. Na bedui alipokojoa msikitini, masahaba walitaka kumvamia. Mtume akawazuia, akaagiza maji yamwagwe, kisha akamfahamisha kwa upole.

Basi fimbo nikaiweka. Mtoto anayekosea "Rabbi" namkalisha na mwenzake aliyekwisha kuweza, autazame ulimi wake na kumfuata polepole. Huchukua siku nyingi, lakini hutengenea. Ila yuko mmoja aliyekimbia chuo siku za fimbo. Nilikwenda kwao nikaomba radhi mbele ya wazee wake, naye hajarudi. Akiniona sokoni huvuka upande wa pili. Deni hilo ninalo.

Nanyi wazazi, msidhani jambo hili ni la walimu peke yao. Baba anayemwamuru mwanawe akasali, mwenyewe macho yako kwenye televisheni, amekwisha kumsomesha, lakini si sala. Mama anayekataza kusengenya huku simu iko sikioni na majirani wanatajwa, naye amesomesha. Kabla hujauliza mtoto ameyatoa wapi haya, mwangalie anapocheza, kwani huenda ukajiona mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyakosa kwa watoto wetu, na atujaalie tuwe mfano mwema mbele ya macho yao. Amin.